Mkurugenzi ananiuliza: "Sasa wewe utakuwa unafanya nini?"

MASWALI YA KAZINI

Shikamoo Mama. Mimi ni msimamizi wa TEHAMA kwenye kampuni inayouza vifaa vya ujenzi kwa jumla: saruji, nondo, mabati, rangi. Ofisi kuu iko Gerezani, stoo kubwa iko Vingunguti, na tuna matawi Morogoro, Dodoma na Mwanza. Idara nzima ni mimi. Mtandao ukikata Mwanza napigiwa mimi, printa ikigoma Dodoma napigiwa mimi, keshia akisahau paswadi yake napigiwa mimi, hata nikiwa msibani. Nimepata kampuni inayoweza kubeba kazi yote ya mtandao: rauta, swichi, faiwali (kizuizi cha wavamizi wa mtandao), laini ya akiba kila kituo, na watu wa kuangalia usiku na mchana. Wanataka Sh 3,800,000 kwa mwezi kabla ya VAT. Niliandika andiko la kurasa 14 nikampelekea Mkurugenzi. Akasoma ukurasa wa kwanza, akaruka hadi kwenye bei, akaniuliza: "Sasa wewe utakuwa unafanya nini?" Nikababaika. Sijarudi tena ofisini kwake kwa jambo hilo. Nifanyeje?

Msimamizi wa TEHAMA, Tabata, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Pole na simu za msibani.

Tuanze na habari njema: Mkurugenzi wako hajakataa. Ameuliza swali ambalo hata mimi ningeuliza. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekaa upande wa wanaosaini malipo, nikiwa mhasibu mkuu wa kampuni ya usambazaji pale Tanga, na maandiko kama lako yamepita mezani kwangu kwa mafungu. Kuna kijana mmoja alikuja na mchoro wa mtandao mzuri sana, rangi tatu, na katikati amechora wingu, alama ya intaneti. Bosi akaliangalia lile wingu, akauliza, "Na hili nalo tunalilipia?" Kijana akaanza kueleza wingu. Akaeleza, akaeleza, mpaka chai ikaletwa, na kikao kikahamia kwenye mambo ya matairi ya malori. Hakuna aliyesema hapana. Jambo lilikufa tu.

Mwenye kampuni anajua bei ya tairi kwa sababu gari likisimama analiona. Mtandao ukisimama haoni kitu. Anachoona ni wewe unakimbia na waya, halafu baada ya muda mambo yanarudi sawa, naye anahitimisha kwamba kijana wake anaiweza kazi. Ndiyo maana Sh 3,800,000 inaonekana kwake kama bili mpya isiyofuta bili yoyote ya zamani. Kazi yako ni kumwonyesha bili ambayo tayari anailipa bila kuijua, kisha kumwambia ni sehemu gani ya bili hiyo itafutika. Kurasa 14 weka kabatini. Mkurugenzi mpelekee ukurasa mmoja.

Ukurasa huo usiuandike peke yako. Chukua daftari la kawaida, kila kituo kiwe na lake, na alishike mtunza stoo au keshia, wala si wewe. Mtandao ukikata waandike saa, ukirudi waandike saa, na katikati waandike kilichokwama kwa maneno yao wenyewe: "fuso la mteja limesubiri tangu saa nne", "mteja wa bati 60 kaondoka kwenda duka la pili", "tumeandika ankara kwa mkono, tumebaki mpaka saa moja usiku kuziingiza". Fanya hivyo mwezi mzima, miwili ikiwezekana. Daftari la mtunza stoo wa Dodoma lina nguvu kwa Mkurugenzi kuliko grafu yako yoyote, kwa sababu anajua huyo mzee hana faida yoyote na mambo ya rauta.

Sasa hesabu. Hapa ndipo vijana wa TEHAMA wanapochanwa na wahasibu, kwa hiyo nisikilize. Usichukue mauzo ya siku ukayagawa kwa saa, kisha ukasema kila saa ya kukatika tumepoteza kiasi hicho. Mhasibu atakuuliza maswali mawili na utakaa. La kwanza: mauzo si faida. La pili: mteja mwenye msingi uliokwisha chimbwa atarudi mchana kuchukua saruji yake, hakupotea.

Tuseme tawi linauza Sh 6,000,000 kwa siku ya saa 9, na faida ghafi ni asilimia 12. Saa moja ina faida ya Sh 80,000. Daftari likikuonyesha kwamba kama robo ya wateja huwa hawarudi, saa ya kukatika imekula Sh 20,000. Ndiyo, ndogo hivyo. Matawi yote kwa jumla yakikatikiwa saa 20 kwa mwezi unapata Sh 400,000, na wewe unaomba milioni tatu na laki nane. Ona pengo hilo wewe kwanza kabla Mkurugenzi hajaliona.

Halafu endelea kuhesabu, maana hasara kubwa ya biashara kama yenu haiko kaunta. Iko kwenye gari linalosubiri hati stoo huku mwenye gari akidai gharama ya kusubiri. Iko kwenye malipo ya saa za ziada ya wanaobaki usiku kuingiza ankara za mkono. Na zaidi ya yote iko kwenye mzigo uliouzwa mara mbili, kwa sababu Morogoro waliandika kwa mkono nondo ambazo mfumo wa Gerezani bado ulikuwa unasema zipo. Mhasibu wako anayo kumbukumbu ya marekebisho ya stoo ya kila mwezi. Mwombe muilinganishe na tarehe za madaftari. Mkikuta marekebisho makubwa yanaangukia siku zile zile mtandao ulipokata, mmepata kitu cha kumfanya Mkurugenzi aweke simu chini.

Nasema "mwombe" kwa makusudi. Usiende kwa Mkurugenzi kabla ya kwenda kwa mhasibu, na usimpelekee mhasibu jibu, mpelekee madaftari. Akizipata zile namba yeye mwenyewe zitakuwa zake, na siku ya kikao atazitetea. Nikupe siri ndogo ya ofisi zetu: usiende wiki ya mwisho ya Machi, Juni, Septemba wala Desemba. Kampuni inayofunga mwaka Desemba inadaiwa kodi ya awamu miezi hiyo, na mhasibu anayetafuta fedha ya kodi hawezi kukupenda wewe na rauta zako.

Kuna hesabu nyingine, hii ni ya watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka siku 28. Wiki ina saa 168. Kwa hiyo hata ukiwa mzima wa afya, saa 123 za kila wiki mtandao wa kampuni hauna mtu kwa mujibu wa sheria. Una wewe unayepigiwa simu msibani. Kuziba saa zote 168 kwa waajiriwa kunahitaji watu wanne, kabla hujahesabu likizo. Bei ya kampuni ya nje uilinganishe na mishahara ya watu watatu wapya. Ukiilinganisha na sifuri utaonekana unaleta anasa.

Lakini kabla hujashangilia, jiulize kwa uaminifu: mnahitaji saa 168? Matawi yenu yanafungua asubuhi saa mbili na kufunga saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Hizo ni saa 54. Saruji haiuzwi saa nane za usiku. Rudi kwa hao watoa huduma uwaambie wakupe bei ya mafundi kwa saa 54, na usiku wabaki na uangalizi wa mitambo tu, kengele ilie kama kuna mtu anajaribu kuingia kwenye faiwali. Wakupe pia bei ya kuanza na Dodoma na Mwanza peke yake, kwa miezi mitatu, na haki ya kuacha. Gerezani na Vingunguti unaweza kufika mwenyewe kwa bodaboda, Mwanza huwezi. Mkurugenzi anayeogopa kusaini miaka miwili kwa vituo vitano anaweza kusaini miezi mitatu kwa viwili bila hata kuitisha kikao.

Atakuuliza pia kuhusu laini ya akiba, kwa nini mlipie laini mbili. Mkumbushe Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, zile nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilipokatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba hapa kwetu na kwa majirani. Siku zile kulikuwa na kampuni zenye laini mbili kutoka kwa watoa huduma wawili, na zote mbili zikalala, kwa kuwa kule baharini zilikuwa zinapita njia ile ile. Kwa hiyo unaponunua akiba, muulize mtoa huduma njia. Jina la kampuni kwenye ankara halikwambii waya unapita wapi. Na kwenu nyinyi kuna jambo zaidi: mfumo wa mauzo uko kwenye seva Gerezani. Tawi la Dodoma kuongea na Gerezani hakuhitaji kwenda baharini hata kidogo, mawasiliano hayo yanaweza kuishia humu humu nchini, juu ya Mkongo wa Taifa au wa kampuni binafsi. Mtoa huduma anayepanga hivyo tangu mwanzo anakuachia tawi linalouza hata siku ambayo WhatsApp haifunguki. Muulize ataunganishaje matawi. Akikujibu kwa vipeperushi vya rangi, tafuta mwingine.

Mambo ya fedha nayataja haraka, mhasibu wako anayajua. VAT ya asilimia 18 mtaidai kama mmesajiliwa, hivyo linganisheni bei bila VAT. Kodi ya zuio, kwa kawaida asilimia 5 kwa mtoa huduma mkazi, inakatwa kwenye malipo yake na si gharama yenu. Mkataba useme hivyo waziwazi, maana wapo wanaoleta bei ya kupokea mkononi kisha kodi wanawaachia nyinyi. Na bei iwe ya shilingi. Tangu kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za Machi 2025, mkataba wa dola kwa huduma ya hapa nchini ni matatizo ya kujitafutia.

Sasa turudi kwenye swali lililokubabaisha. "Wewe utakuwa unafanya nini?" Alilouliza hasa ni kwamba je, nitakulipa wewe na kuwalipa wao kwa kazi moja? Jibu lake liwe la kwanza kwenye ule ukurasa, juu kabisa, kabla ya bei. Andika vitu viwili.

Cha kwanza, kinachobaki mikononi mwa kampuni daima: paswadi kuu za vifaa vyote, ziwekwe kwenye bahasha ndani ya sefu ya Mkurugenzi, usajili wa jina la tovuti na barua pepe, uwe kwa jina la kampuni, ramani ya mtandao, nakala za akiba za data, na uamuzi wa nani anaona nini kwenye mfumo. Nimeona kampuni iliyoachana na mtoa huduma wake kwa ugomvi, ikagundua kwamba jina la tovuti yao limesajiliwa kwa jina la fundi. Wakabembeleza kama wanaposa. Ongeza na hili: mna orodha ya wateja wanaodaiwa, na majina, na namba zao za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtambua mkusanyaji, anayechukua taarifa za watu na kuamua zitumikeje, na mchakataji, anayezishughulikia kwa niaba yake. Mkusanyaji ni nyinyi, hata kama waya unashikwa na mwingine. Lazima awepo mtu wa ndani wa kumsimamia yule wa nje, na mtu huyo ni wewe.

Cha pili, kazi ambayo Mkurugenzi anaitaka na hujawahi kupata muda wa kuifanya. Unaijua. Kila kampuni inayo moja. Kwa biashara yenu nadhani ni stoo ya Vingunguti, kuhesabu mzigo kwa mashine ya kusoma misimbo badala ya karatasi na penseli. Iandike na tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Ukimwambia "nitapata muda wa kufanya mambo ya kimkakati" atacheka. Ukimwambia "ifikapo mwisho wa mwezi wa nane, stoo ya Vingunguti itahesabiwa kwa siku moja", atauliza kwa nini isiwe mwezi wa saba, na hapo mnajadili jambo lingine kabisa.

Na kama madaftari yatasema kwamba mtandao wenu haukati sana hivyo, yaamini. Labda mnachohitaji ni laini mbili za akiba, UPS nzuri (betri ya kushikilia vifaa umeme ukikatika) Mwanza, na kijana wa mafunzo kazini wa kukupokea simu za printa. Omba hicho.

Assalam aleikum Mama. Mimi ni meneja wa ofisi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Sisi tayari tunalipa kampuni ya nje itusimamie mtandao. Siku ya Ijumaa juzi laini ililala zaidi ya saa tatu, tukiwa na hati za kuingiza kwenye mfumo wa forodha, na mteja akaingia gharama za kuhifadhi kontena. Mkurugenzi akalalamika, wakamwonyesha mkataba: "Tumekuahidi asilimia 99.5, na tumeitimiza." Sasa hataki kusikia habari ya kuongeza pesa kwa laini ya pili. Nimshawishi vipi?

Meneja wa ofisi, Mombasa

Waaleikum salaam dada. Wamesema kweli, na hilo ndilo tatizo.

Mwezi wa siku 30 una saa 720. Asilimia 99.5 inawaruhusu kulala saa 3 na dakika 36 kila mwezi bila kuvunja ahadi. Asilimia 99 ingewaruhusu saa 7 na dakika 12. Asilimia 99.9 ni dakika 43 tu. Mwandikie Mkurugenzi saa na dakika hizo kwenye karatasi ndogo, aache kuziona asilimia kama alama za mtihani. Mwanawe akileta 99.5 nyumbani anachinjiwa kuku, ndiyo maana aliisaini bila kuuliza.

Halafu soma mkataba wenu sehemu ambayo hakuna anayeisoma: saa inaanza kuhesabiwa lini? Mara nyingi inaanza pale mnaporipoti tatizo na kupewa namba ya malalamiko, na kile kipindi karani wako alichokuwa anazima na kuwasha rauta hakimo. Angalia pia kama matengenezo yaliyopangwa yamehesabiwa au yametolewa, na kama fidia ni fedha au ni kupunguziwa ankara ya mwezi ujao. Fidia ya siku moja ya ada ya mtandao hailipi hata sehemu ya gharama za kontena.

Kwa Mkurugenzi, usizungumzie laini ya pili peke yake. Chukua ankara ya kuhifadhi kontena ya Ijumaa ile, ibane pamoja na bei ya mwaka mzima ya laini ya akiba, mwekee mezani. Kama ankara ni ndogo kuliko laini, basi yeye ndiye mwenye haki, na dawa yenu ni rauta ya laini ya simu yenye bando, ikae kwenye droo, karani awe anajua kuiwasha. Kwa ofisi ya watu sita inayotuma hati, hiyo mara nyingi yatosha. Kama ankara ni kubwa, sidhani kama utahitaji kusema neno.

Mama, bosi wetu amekubali kukodi huduma za mtandao, tena haraka kuliko nilivyotarajia. Shida ni kwamba kazi anataka kumpa shemeji yake, ambaye ana duka la simu na vifaa vyake. Mimi ndiye niliyeandika andiko. Nikikataa nitaonekana namchukia ndugu yake. Nikikubali, ninajua nani atalaumiwa.

Mwandishi wa andiko, Iringa

Usikatae, na usimtaje shemeji kwa jina wala kwa undugu. Mwambie bosi unataka kumwandalia karatasi ya kulinganisha watoa huduma watatu, shemeji akiwa mmojawapo, ili mkaguzi wa mahesabu akiuliza mwakani pawe na jibu. Bosi wengi wanamwogopa mkaguzi kuliko mke.

Kwenye karatasi hiyo waulize wote maswali yale yale. Una leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ya huduma unayotuuzia, au unauza laini ya mwingine, na ni ya nani? Fundi wako wa pili anaitwa nani, wa kwanza akiugua? Ni kampuni gani nyingine mbili unazihudumia, tukaongee nao? Majibu yaje kwa maandishi, yenye saini.

Inawezekana kabisa shemeji akajibu vizuri, wapo wanaoanzia kwenye duka la simu wakawa mafundi wa kweli. Akijibu vizuri, mpe miezi mitatu kama ningempa mwingine yeyote, paswadi kuu zibaki kwako. Akishindwa kujibu, nadhani utaona anajitoa mwenyewe, aseme siku hizi dukani kuna kazi nyingi. Usimhoji zaidi ya hapo.